Mchanga utaila mitambo mipya ya Gogo tusipoutangulia

Mhariri,

Kituo cha umeme wa maji cha Gogo, kaunti ya Migori, kilijengwa miaka ya 1950 kuupa umeme mgodi wa Macalder. Uwezo wake ni megawati 2, na mpango uliopo wa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ni kuufikisha megawati 8.6. Huku Nyanza tunaupokea mpango huo kwa mikono miwili. Lakini wafadhili wa nje hupenda kulipia mashine: huonekana siku ya uzinduzi, na mara nyingi hutoka katika viwanda vya kwao. Naomba shilingi ya kwanza iende kwenye bwawa, turbaini (gurudumu linalozungushwa na maji) ifuate.

Mto Kuja, unaoendesha kituo hiki, hushuka kutoka milima ya Kisii, ambako mashamba yamelimwa hadi ukingoni mwa maji. Bwawa dogo likijaa tope, mchanga hukosa pa kutulia na kuingia moja kwa moja kwenye bomba kuu. Chembe za kwatzi, madini yaliyomo kwenye mchanga, ni ngumu kuliko chuma cha turbaini. Hula kwanza kingo za mapanga ya turbaini, zikafuata pete za kuzuia maji yasivujie pembeni, nafasi ikapanuka, na maji yakapita pembeni bila kusukuma chochote. Mita 1 ya ujazo kwa sekunde ikianguka mita 20, mtambo wenye ufanisi wa asilimia 85 hutoa takriban kilowati 167. Ufanisi ukishuka hadi 75, hubaki 147. Maji ni yale yale.

Kwa hiyo kina cha bwawa kipimwe kwanza, kwa mashua, mstari kwa mstari, na kulinganishwa na michoro ya awali. Kisha lango la chini la kutolea tope. Lango lililokaa miaka mingi bila kufunguliwa huwa limeshika kutu na kuzikwa; ukililazimisha, laweza kukwama likiwa wazi na bwawa lote likamwagika. Ndiyo maana maboriti ya kuzibia hutangulia kuwekwa mbele yake. Tope litolewe wakati wa mafuriko tu, kwa taarifa ya mapema kwa wakazi wa Nyatike, walio chini ya bwawa. Likitolewa kiangazi, samaki hufa na wanaochota maji mtoni huteka matope. Panahitajika pia hodhi la kutulizia mchanga kabla ya bomba kuu, ambamo mwendo wa maji hupunguzwa hadi karibu mita 0.2 kwa sekunde ili chembe za milimita 0.2 na zaidi zizame.

Kuhusu mitambo yenyewe, mitatu au minne midogo ni bora kuliko miwili mikubwa. Januari na Februari mto hupungua, na turbaini ya aina ya Francis ikiendeshwa chini ya takriban asilimia 40 ya uwezo wake hutikisika, hupoteza ufanisi na huchosha beringi. Ikiwa midogo, unazima mmoja na uliobaki unafanya kazi kwa raha.

Jenereta za zamani zisitupwe wala zisihifadhiwe kwa kukisia. Upinzani wa kihami cha nyaya (uwezo wake wa kuzuia umeme usivuje) upimwe dakika ya 1 na dakika ya 10. Kipimo cha pili kisipofika maradufu ya cha kwanza, nyaya zimenyonya unyevu au zimechafuka: zikaushwe, zisafishwe, zipimwe tena. Mafuta ya transfoma za enzi hizo yapimwe kama yana PCB, sumu inayodhibitiwa na Mkataba wa Stockholm wa 2001, kabla hayajauzwa kwa mtu yeyote. Kuna watu huyanunua kwa ajili ya kuchomelea vyuma, hata kukaangia.

Mwisho ni mkataba. Kinachoitwa msaada mara nyingi ni mkopo. Sondu Miriu, kituo kingine cha umeme wa maji huku Nyanza, ilijengwa kwa mkopo wa Japani, unaolipwa kwa yen huku umeme ukiuzwa kwa shilingi. Mkopo wa Gogo, ukija, ujumuishe gurudumu moja la akiba la turbaini, seti mbili za pete za kuziba, michoro yote, na nywila za kompyuta inayodhibiti mwendo wa mitambo. Nywila zikibaki kwa muuzaji, kila hitilafu ndogo hungoja mtaalamu apande ndege, na mitambo hulala wakati mto umejaa. Mafundi watakaoendesha kituo wawepo tangu mitambo inapofungwa, si siku ya kukabidhiwa funguo.

Fundi mitambo,
Kisumu