Usinisubiri Kilwa

Ushongo, Pangani

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, miguu imepona, na chakula nakula hadi Mama angeniona angeshangaa. Natumaini hujambo, na shemeji, na watoto, na bibi na goti lake. Ujumbe wako niliupata juzi nilipokwenda Pangani mjini kutoa hela. Nikausoma nimesimama kwenye foleni ya pantoni: “Mbona kimya? Umekwama wapi? Niombe likizo au nisiombe?” Nikaona haya si ya kujibiana kwa simu. Kuna kijana wa hapa anapanda Tanga kesho alfajiri, atampa kondakta wa basi la Moshi barua hii, kwa hiyo mwambie shemeji apite stendi.

Jibu kwanza, maelezo baadaye: likizo omba, ila isogeze mbele, na usinisubiri Kilwa. Uje huku huku. Najua umeshaanza kusoma habari za Husuni Kubwa, lile kasri la kale, na ule msikiti mkubwa wa Kisiwani, na mimi mwenyewe ndiye niliyekutia hamu. Tutakwenda, Rehema. Lakini Kilwa ilikuwepo Ibn Battuta alipopita mwaka 1331, na mwisho wa mwaka itakuwa pale pale. Ninachokisubiri hapa hakiahirishwi.

Ni kiota cha kasa.

Ngoja nikueleze vizuri. Mbele ya pwani hii kuna kisiwa kinaitwa Maziwe. Wazee wanasimulia kwamba kilikuwa na miti, mivinje mirefu, mvuvi akichoka anapumzika kivulini. Kasa walikuwa wanataga pale kwa wingi, na mwaka 1975 serikali ikakitangaza kuwa hifadhi. Halafu bahari ikala mchanga, miti ikaanguka mmoja mmoja hadi ikaisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga mweupe, na maji yakijaa sawasawa hulioni kabisa. Lakini kasa jike hurudi kutaga maeneo alikozaliwa, kwa hiyo bado wanapanda usiku, wanachimba, wanataga, wanarudi baharini. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakijaa yanafunika kila kitu na mayai yanaharibika. Ndiyo maana vijana wa hapa wanakwenda na mashua, wanayachimbua na kuja kuyafukia Ushongo, juu kabisa, maji yasikofika.

Niliomba wanichukue. Nilidhani nitapiga picha mbili tatu, kesho yake nishike njia ya Saadani. Tulifika kumepambazuka, alama za mapezi ya kasa bado zimechorwa mchangani kutoka majini hadi juu. Aliyekuwa anachimbua alikuwa ametuchekesha njia nzima, lakini alipogusa yai la kwanza akanyamaza. Ni meupe, ya mviringo, ganda lake halivunjiki kama la kuku, linabonyea kidogo chini ya kidole. Na halipinduliwi! Lilivyolala ndivyo linavyotolewa na ndivyo linavyolazwa tena, ukiligeuza unaweza kumuua mtoto aliyemo. Anatoa moja, anampa mwenzake kwa viganja viwili, mwenzake analilaza ndoo yenye mchanga wa shimo lile lile. Hakuna anayeharakishwa. Yalizidi mia. Kazi niliyopewa mimi ni kuipakata ndoo wakati wa kurudi isitikisike, na upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza, mawimbi yanatupiga ubavuni, nimelowa chepechepe, nimeikumbatia ile ndoo kama mtoto mgonjwa. Tangu siku hiyo sijaulizia basi la kwenda popote.

Yanachukua kama miezi miwili. Sasa nikiondoka nikaambiwa huko Lindi kwamba wametoka, itanisaidia nini?

Unakumbuka nilivyokuwa naandika tangu Bukoba? Kampala, Jinja, Kisumu, Nairobi, Mombasa, Lamu, Malindi. Kila mji nikishuka, swali la kwanza ni basi la kuondoka ni saa ngapi. Sijutii hata mji mmoja, nimeona mengi. Ila ukiniuliza kuhusu Kisumu nitakutajia gesti, samaki wa kukaanga na stendi, basi. Hakuna mtu wa Kisumu ambaye leo angeshtuka akisikia naumwa. Hapa juzi nilichelewa kuamka, mama wa vitumbua akamtuma mwanawe aje agonge mlango kuuliza kama nina homa. Rehema, nilikaa kitandani nikafurahi hadi machozi yakanitoka.

Nimepanga chumba kwa bibi mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwenye ngalawa. Amenipokea kama mjukuu, na kama mjukuu anavyogombezwa nami nagombezwa. Nimejifunza kukuna nazi, maana sisi wa mlimani tumezoea za pakiti. Unakaa juu ya mbuzi, unazungusha kifuu polepole, ukikandamiza unakuna na ganda na tui linakuwa na weusi. Kasimele, yaani tui zito la kwanza, unaiweka pembeni, samaki anaanza kuchemka na tui jepesi la pili, kasimele inaingia mwishoni na hapo huachi mwiko, unapeperusha hadi ishike. Siku ya kwanza bibi aliuonja mchuzi wangu akaniuliza kwetu tunakula nini. Siku hizi anajipakulia mara ya pili.

Na maji, nayo nimeanza kuyajua. Huku siku haifuati saa, inafuata maji. Yakijaa saa hizi leo, kesho yatachelewa karibu dakika hamsini, ndivyo hivyo kila siku. Bamvua ikifika, mnamo saa nne asubuhi maji yamekupwa mbali kweli kweli, wanawake wanashuka mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza, na mimi nyuma yao nimevaa viatu vya plastiki. Wao wanaona tundu, mimi naona jiwe. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa wanapumzika, taa zao hazina kazi kwenye mbalamwezi, basi ndizo siku za bao na kahawa na kushona nyavu. Yote haya mtu wa kulala siku mbili hayaoni. Hayajafichwa, ni kwamba yanakuja kwa zamu, na zamu yenyewe ni mwezi mzima.

Halafu kuna mto. Nilikuwa najua kwenye ramani tu kwamba mto Pangani unatoka kwetu, lakini nilipopanda pantoni mara ya kwanza nikaangalia yale maji mazito ya rangi ya udongo, nikasema haya si ndiyo yaliyopita Chemka tulikokuwa tunakwenda kuogelea na akina Aika? Yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo kule Hale, yakaja taratibu hadi hapa yanaingia baharini mbele yangu. Nilitaka kumwambia mtu na hakukuwa na wa kumwambia, wote walikuwa wanahangaika na baiskeli na magunia. Daraja jipya linajengwa, likianza kutumika nadhani hakuna atakayesimama tena katikati ya mto kuyaangalia maji. Kwa hiyo na hilo pia, uwahi.

Mama ndiye tatizo. Kila nikipiga anauliza kwa upole, “Huyo kijana ni wa kabila gani?” Nikimwambia nasubiri mayai yaanguliwe anakaa kimya, kisha ananiuliza kama nimefuga kuku. Nakuomba sana Rehema, pita nyumbani Jumapili baada ya ibada, umweleze kwa uzuri kwamba siumwi, sijaolewa, na hela niliyobakiza inatosha, maana chumba hapa ni rahisi na sipandi mabasi. Wewe anakusikiliza. Mwambie pia kwamba nilivyokuwa nazunguka alikuwa hajui nilipo siku tatu mfululizo, na sasa anajua hadi nyumba. Hilo litamtuliza.

Kila jioni napita kwenye kiota. Hakuna cha kuona, ni uzio wa vijiti na kibao chenye tarehe. Kijana anayelinda ananiambia mchanga ukiwa na joto zaidi wanatoka majike wengi, ukiwa na ubaridi madume. Na mvua imenyesha mfululizo majuma haya, basi tunabishana: yeye anasema madume, mimi nasema bado jua lipo. Wakitoka wanatoka usiku au magharibi, wanakimbilia kwenye mwanga wa bahari, kwa hiyo taa zote za upande huu zitazimwa. Nataka uwepo. Kwa watu wote ninaowajua wewe ndiye ninayetaka asimame pale na mimi.

Njia ni hii: Moshi hadi Tanga basi la asubuhi, ulale Tanga, kesho yake Pangani, uvuke na pantoni hadi Bweni, hapo utapata bodaboda. Patana bei kabla hujapanda, na kama mvua imenyesha mwambie apite taratibu, kuna tope. Begi dogo tu. Leta tochi, kama utapata yenye taa nyekundu ndiyo nzuri, nyeupe inawachanganya wale watoto. Na bibi ameagiza ndizi za kwetu za mtori, nilimsifia mno.

Sasa niambie na wewe. Bosi amekubali kusogeza tarehe au atakununia? Kikoba mmevunja, na fungu langu nani kanipokelea? Yule mtu wa Arusha bado anapiga simu? Unalala vizuri siku hizi, au bado ni ile ya kuamka saa tisa usiku na kuwaza kazi? Aika amejifungua? Goti la bibi walisema nini hospitali, kule KCMC? Na wewe mwenyewe, ukiacha masuala ya likizo, unataka kweli kuja, au ulikubali Kilwa kwa sababu mimi ndiye niliyeitaja?

Nijibu kabla ya Jumatano. Siku hiyo navuka mjini, nitakuwa na mtandao tangu asubuhi.

Wako,
Neema