Shukrani kwa Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Kwako muuguzi ambaye sikupata kulijua jina lako, napenda kukushukuru hadharani kwa namna ulivyomhudumia mtoto wetu njiti alipokuwa akipumua kwa msaada wa mashine. Ulimlaza kifudifudi, na uliponiona nimeshtuka ukanieleza kwa utulivu kwamba kifua cha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati bado ni laini na hubonyea ndani anapovuta pumzi, hivyo godoro hukipa egemeo, na oksijeni katika damu huweza kupanda kidogo. Ulimzungushia kitambaa kilichoviringishwa, ukahakikisha shingo haijapinda ikabana njia ya hewa, kisha ukawa unambadilisha mkao kwa wepesi ambao, nakiri, niliuonea wivu. Zaidi ya yote nakushukuru kwa onyo lako: kwamba mkao huo ni wa wodini tu, penye kifaa kinachofuatilia mapigo ya moyo na oksijeni muda wote, na kwamba nyumbani mtoto alazwe chali kila anapolala, kwa sababu kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Maelekezo hayo tunayafuata hadi leo, usiku na mchana.