Laptopu Ikianza Kugonga, Izime Kwanza

Laptopu imekwama kwenye nembo ya Windows, na chini ya kiganja chako unasikia tak, tak, tak. Izime. Usingoje imalize kuwaka, wala usiiwashe tena baada ya dakika kumi ukitumaini itakubali. Bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachilia hadi izimike kabisa, kisha chomoa chaji. Wateja wengi wanaotufikia hapa katikati ya jiji la Nairobi ili tuwaokolee data wamekwisha kuiwasha tena na tena siku nzima, na mara nyingi ni hiyo siku nzima iliyoharibu zaidi kuliko hitilafu yenyewe.

Sauti hiyo hutoka kwenye diski, sehemu ya laptopu inayohifadhi faili zako. Ndani yake mna sahani nyembamba za kioo au alumini zenye utando wa sumaku. Sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na katika diski nyingine mara 7,200. Kichwa kinachosoma data huelea juu yake bila kuigusa, na nafasi iliyopo kati yao ni nanomita chache tu. Unene wa unywele mmoja ni makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo hata chembe ya vumbi ni jabali mbele ya kichwa hicho. Laptopu ikianguka ikiwa inafanya kazi, kichwa kinaweza kuigonga sahani na kupinda. Kuanzia hapo kinatafuta alama zake za mwanzo, kinazikosa, kinarudi mahali pake, kinajaribu tena. Huko ndiko kugonga unakokusikia. Kila jaribio linaweza kukwaruza utando, na data iliyokuwa kwenye sehemu iliyokwaruzwa imegeuka vumbi. Hakuna mashine wala fundi atakayeirudisha.

Ndiyo maana tunawasihi wateja wasiifungue diski mezani kwao, hata kama wameona video ya mtu akifanya hivyo. Kubadilisha vichwa hufanywa mahali penye hewa iliyochujwa, kwa vichwa vilivyotolewa kwenye diski nyingine inayolingana nayo kabisa. Diski hiyo ya pili hainunuliwi kwa urahisi, na hapo ndipo gharama ya kazi hii inapopanda. Ushauri wa kuiweka diski kwenye friza nao uacheni kabisa. Ikitoka kwenye baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya vyuma, na maji yakifika kwenye sahani tatizo moja limekuwa mawili.

Si kila diski inagonga. Nyingine hunyamaza tu, haizunguki wala haitoi joto. Mara nyingi hapo iliyoungua ni bodi ya umeme iliyo mgongoni mwake. Tunaliona hili zaidi kwenye diski kubwa za nje zinazotumia volti 12, mtu anapochomeka adapta ya laptopu inayotoa volti 19 kwa sababu tu kichwa cha waya kimeingia. Habari njema ni kwamba mara nyingi data huwa salama. Lakini kununua diski ya modeli ileile na kubadilisha bodi hakutoshi, kwa kuwa kwenye bodi ya zamani kuna chipu yenye vipimo vya diski hiyo peke yake. Lazima chipu ihamishwe pia.

Kisha kuna diski inayofanya kazi polepole mno: faili moja inafunguka baada ya dakika tano, nyingine haifunguki. Hapa Windows hujitolea kuikagua na kuirekebisha diski. Kataa. Kazi ya ukaguzi huo ni kuipanga diski iweze kutumika tena, na faili zako zinaweza kukatwa vipandevipande katika kupangwa huko. Sisi huinakili kwanza diski nzima, sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kimoja baada ya kingine, hadi kwenye diski nyingine isiyo na hitilafu. Tunaanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, halafu tunazirudia zile sugu. Faili tunazitafuta kwenye nakala, na diski yako inapumzika.

Mafundi wa jiji hili ni hodari wa skrini, kibodi na sehemu za kuchajia, na wengi wao ndio hututumia wateja. Ombi letu ni moja: unapompa fundi laptopu isiyowaka, mwambie mapema kwamba unataka data. Usiposema, atakuwekea Windows upya kwa nia njema kabisa, na Windows hiyo itakuwa imeandikwa juu ya tasnifu ya uzamili au hesabu za chama. Kilichofutwa bila kitu kingine kuandikwa juu yake kinaweza kupatikana kwenye diski inayozunguka. Kwenye SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani zinazozunguka, nafasi ni ndogo zaidi, kwa sababu kompyuta huiarifu SSD ni sehemu gani zimefutwa, nayo huzisafisha yenyewe.

Uchunguzi wetu ni bure. Baada yake tunakuonyesha orodha ya faili zinazoweza kupatikana, unataja zile unazozihitaji, kisha tunakubaliana bei. Tukishindwa, hulipi. Atakayekuhakikishia kila kitu kitarudi kabla hajaigusa diski, mwulize amejuaje. Picha na barua zako ni zako: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatubana kuzilinda, na nakala yetu tunaifuta ukishathibitisha kwamba yako inafunguka.

Unapokuja, ilete laptopu nzima ikiwa hujui kuitoa diski. Kama imetolewa, ifunge kwa kitambaa laini na uipakate. Usiiache ikirukaruka chini ya kiti cha matatu. Beba diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, maana data iliyookolewa hairudi kwenye ile iliyougua. Na kama unatumia Windows 11, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kupitia simu utafute ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, kufuli ya data ya Windows. Laptopu nyingi mpya hujifungia data zenyewe bila mwenyewe kujua, na bila ufunguo huo hata diski tuliyoitengeneza ikasomeka yote haitatupa faili hata moja.