Makalavati ya milimita 600 hayatoshi tena Mbeya

Ndugu Mhariri,

Kila maji yanapokata barabara hapa Mbeya tunaambiwa mvua za mwaka huu ni nyingi. Lakini jumla ya mvua za msimu siyo inayokata barabara. Kinachoikata ni kiasi kinachoshuka ndani ya saa moja, na hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapotubana: joto la hewa likipanda kwa nyuzijoto 1, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Msimu unaweza kuwa mfupi kabisa na bado ukatushushia siku mbili tatu za balaa.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Chukua mteremko wa hekta 20 chini ya mlima Loleza, uliojaa mabati na udongo ulioshindiliwa. Ikinyesha milimita 60 kwa saa na asilimia 60 ya maji hayo yakatiririka, mtaro unapokea lita 2,000 kila sekunde. Kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, la kipenyo cha milimita 600, likiwa safi, hupitisha kama lita 500 tu. La 900 hupitisha karibu mara tatu ya hapo. Mahali kama hapo panataka mawili ya 900. Anayeweka moja la 600 kwa unafuu ataijenga barabara hiyo mara ya pili.

Halafu kuna tope. Kalavati lililojaa mchanga hadi nusu halipitishi nusu ya maji, hupitisha kama theluthi, maana nafasi ni ndogo na msuguano ni mkubwa. Yanayobaki hupanda barabarani, huangukia upande wa pili na kulichimba kwa chini tuta la udongo linalobeba barabara. Asubuhi lami inaonekana nzima. Lori likipita, inadidimia.

Mvua zetu huanza Novemba, hivyo mitaro izibuliwe Oktoba, na tope lisombwe kabisa. Likirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha. Pale maji yanapotoka kwenye kalavati, papangwe mawe makubwa ili pasichimbike.

Tunaiomba pia halmashauri iongeze mambo mawili kwenye vibao vya miradi, chini ya jina la mkandarasi: ukubwa wa eneo linaloleta maji, na milimita za mvua kwa saa zilizotumika kukokotoa kalavati.

Mhandisi wa barabara,
Mbeya