Kompyuta mmezifungia, fundi mmemwacha nje: barua kwa wanakamati wetu wa Kigoma

Wanangu wanakamati wa ushirikiano wa shule na jamii, salaam. Naandika kwa simu ya mjukuu na kidole kimoja, mkikuta herufi imeruka mvumilie, hasira haijaruka.

Wiki iliyopita nilipita kwenye ile shule mliyonialika mwaka jana siku ya kukabidhi vifaa. Mnakumbuka, turubai, viti vya plastiki, mziki mpaka masikio yanauma, mgeni rasmi kakata utepe, kila mtu kapiga picha na maboksi. Nikaomba nione watoto wanavitumiaje. Mlango una kufuli. Ufunguo anao mkuu wa shule, na mkuu wa shule kasafiri. Nikachungulia dirishani: kompyuta bado zimevaa nailoni zake, juu ya moja mjusi katulia kama ndo mwalimu wa zamu. Ila kwenye kioo cha dirisha kulikuwa na alama za pua za watoto, nyingi, za juu za wakubwa na za chini za wadogo. Hizo alama za pua ndo zimeninyima usingizi.

Hivi Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, mnaijua au mnaipigia picha tu? Ile meli ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye maboksi mpaka hapa Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe adui asiichukue, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wakapaka injini grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Miaka kibao chini ya maji jamani! Chuma kinahitaji maji na oksijeni ndo kishike kutu, grisi ikaweka ukuta katikati. Hiyo kutu mtoto anaikariri darasani ajibu mtihani, wakati ushahidi wake uko hapo ziwani. Nyie mmezizamisha kompyuta zenu na grisi hamkupaka.

Mi nimefungua injini za boti pale Kibirizi miaka 38. Mlipotafuta wadau mliita wenye suti, mimi mkaniita nikae kiti cha mbele kwa ajili ya mvi. Hakuna aliyeniuliza nina kitu gani cha kumfundisha mtoto. Mjukuu wangu huyu mwenye simu, uwiano ulikuwa umemshinda kabisa, kila siku sifuri, nikampa dumu la petroli lita 25 na kopo la oili la nusu lita, nikamwambia injini hii inataka oili moja kwa petroli hamsini, ukikosea umeniua pistoni. Akachuchumaa, akapiga hesabu mchangani kwa kijiti, akafuta, akapiga tena. Akasema babu, ni hili kopo lote. Tukavuta kamba ikawaka, mtoto akaruka kama kafunga goli.

Na siko peke yangu. Kina mama wanaopika sabuni ya mawese wana kemia mikononi. Uvinza wanatoa chumvi kwenye maji toka enzi za mababu. Mvuvi wa dagaa aliyeacha karabai akahamia taa za sola muulizeni kwanini mbalamwezi ikiwa kubwa anabaki nyumbani, atawapa somo la mwanga bila ubao.

Tatizo letu tunapenda kitu kinachoonekana barabarani. Rais Kikwete alipoagiza 2012 kila sekondari ya kata ijenge maabara tulichangishwa, mwenye saruji saruji, mwenye mchanga mchanga, na vyumba vingine mpaka leo ni stoo ya madawati yaliyovunjika miguu. Na sisi wazazi tusijifiche hapa, mtoto akifungua redio tunamchapa, kesho tunataka injinia.

Mengine nayasema haraka. Mwalimu afundishwe kabla vifaa havijafika. Wasichana siku ya maonesho wasipelekwe kuosha vyombo vya wageni. Fundi asikataliwe eti hajui Kingereza. Masomo yawekwe kwenye flashi maana intaneti inakata. Posho za vikao mpunguze, mnajua wenyewe.

Sijawachukia wanangu, wengine nimewabeba mgongoni mkiwa hamna meno. Ndo maana naandika hapa badala ya kusema pembeni kwenye kahawa.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa Kibirizi, kuna injini mbili mbovu nazifungua. Nileteeni watoto kumi, nusu wasichana, wavae nguo za kuchafuka, mgeni rasmi simtaki. Na ule ufunguo mchongeshe wa pili apewe mwalimu wa fizikia, mchonga funguo yupo pale soko la Mwanga, hela yake haizidi soda mbili.

Babu yenu, fundi mstaafu.