Majina ya Kiwelisi yasipitishwe kwenye Kiingereza

Mhariri,

Kila inapozungumzwa habari ya kutafsiri riwaya za watoto za Ulaya, swali la kwanza huwa moja: mtoto wetu atayatamkaje majina? Kwa riwaya ya The Grey King ya Susan Cooper, iliyotoka mwaka 1975 na kupata Nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata, jibu ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kisa kinatokea Welisi (Wales), karibu na mji wa Tywyn, chini ya mlima Cader Idris wenye kimo cha mita 893, na majina mengi humo ni ya Kiwelisi. Lugha hiyo inalisumbua sikio la Mwingereza kuliko la Mswahili. Mambo huharibika pale mtafsiri anapoyasoma majina kwa Kiingereza kwanza, kisha ndipo ayalete kwetu.

Tuanze na mkazo. Kiwelisi, kama Kiswahili, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Herufi c daima ni k. Herufi f ni v, kwa hiyo Cadfan ni Kadvan. Anayetaka f huandika ff. Herufi dd ni dh yetu ya dhahabu, na th ni th ya thelathini. Mwingereza sauti hizo mbili huziandika kwa herufi zilezile, ndiyo maana vitabu vyake vya mwongozo vinajikanyaga kanyaga hapo. Sisi tunaandika tu: Gwynedd, soma Gwinedh. Herufi ch ni kh ya Khamis, jinsi anavyoitamka mtu wa Unguja. Herufi w, ikikaa mahali pa irabu, ni u.

Hapo kwenye w pana tahadhari. Cwm, yaani bonde, limejaa katika majina ya mahali. Mtafsiri mwenye mazoea ya kutia irabu mwishoni mwa kila neno geni afikirie mara mbili kabla ya kuchagua a, la sivyo hakuna mwalimu atakayekisoma kitabu hicho kwa sauti darasani.

Inayobaki ngumu ni ll. Weka ulimi kama unataka kusema "lala", kisha usitoe sauti. Puliza hewa ipite kandoni mwa ulimi. Wairaqw wa Mbulu wanayo sauti hiyo na huiandika sl, kama katika slee, yaani ng'ombe. Ukurasa mmoja wa mwongozo mwanzoni mwa kitabu unatosha kwa haya yote, na tahajia ya majina ndani ya hadithi iachwe ilivyo.

Jambo moja zaidi kuhusu lugha: Kiwelisi hubadili herufi ya mwanzo ya neno. Craig, yaani jabali, likitanguliwa na y huwa y graig. Mtafsiri asidhani ni mahali pawili. Msomaji wetu, aliyezoea ulimi kuwa ndimi na ubao kuwa mbao, hatashtuka akielezwa kwa sentensi moja.

Kazi nzito iko kwenye shairi la unabii. Mvulana Will anapaswa kulikumbuka, na kila mstari wake una fumbo linalofumbuliwa kurasa nyingi baadaye. Mlango wa ndege ni Craig yr Aderyn, Jabali la Ndege, ambako mnandi bado wanataga ingawa bahari imekwisha kurudi nyuma kilomita kadhaa. Ziwa la kupendeza ni Llyn Mwyngil: llyn ni ziwa, na mwyn ni upole au upendezi. Macho ya fedha yanayouona upepo ni ya mbwa. Anayetafsiri shairi kwanza hujikuta baadaye amefunga mafumbo yasiyofunguka, kwa sababu neno alilolitumia kwenye shairi halipatani na maelezo ya jina. Afanye kinyume: atafsiri sura zenye ufumbuzi, aorodheshe maneno yaliyobeba fumbo, kisha ndipo atunge. Na asijaribu tarbia ya mizani 16. Bahari hiyo itamlazimisha kuchomeka maneno ya kujazia, na katika shairi la mafumbo neno la kujazia litasomwa kama fumbo. Utenzi wa mizani 8 unatosha, na kina kikigombana na fumbo, kina ndicho kikubali kushindwa.

Fumbo lenye mtego mkubwa kwetu ni la kunguru. Mvulana Bran anaitwa kwa jina la ndege huyo, nalo ni jina la kifalme: katika hadithi za kale za Mabinogi, Bran ni mfalme jitu ambaye kichwa chake kilizikwa London kikiielekea Ufaransa. Lakini kunguru wa Dar es Salaam na Mombasa ni mdokozi wa samaki, na methali imeshamwita mwoga. Tunapendekeza "kunguru wa mlimani", ndege mkubwa ambaye wapandaji wa Kilimanjaro wanamfahamu.

Cafall, mbwa wa Bran, naye asigeuzwe Simba. Jina lake limetoka mbali. Historia Brittonum, maandishi ya karne ya 9, yanamtaja mbwa wa Arthur, mfalme wa masimulizi ya kale ya Welisi, aliyeacha alama ya unyayo kwenye jiwe akiwinda nguruwe mwitu. Watu wakilichukua jiwe hilo, kesho yake hukutwa limerudi kwenye rundo lake. Jina likibadilishwa, msomaji ananyimwa dalili ya kwanza ya huyo Bran ni mtoto wa nani.

Will ni mmoja wa wale ambao mwandishi anawaita kwa neno la ukale, Old Ones. "Wazee" haifai kwa mtoto wa miaka 11, "wahenga" ni watu waliokwisha kufa wakaacha methali, na "mizimu" ni dini nyingine kabisa. "Wakale" inatosha. Brenin Llwyd naye, ambaye katika masimulizi ya Welisi hukaa milimani amejifunika ukungu, abaki Mfalme wa Kijivu. Akiitwa jini, msomaji wa pwani ataanza kutafuta ubani.

La mwisho ndilo ambalo hatungependa mchapishaji yeyote alipite. Bran ana ualbino. Kitabu kinamfanya mtoto wa ajabu, mrithi wa mfalme, mwenye nguvu zisizo za kawaida. Welisi hilo linasomeka kama heshima. Tanzania, ambako watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, maneno yaleyale yanaweza kusomwa vingine. Msimulizi atumie "mwenye ualbino", kamwe si "zeruzeru". Neno hilo, likibidi, liwe kinywani mwa wahusika wanaomchukia Bran. Utangulizi useme wazi kwamba ualbino ni upungufu wa melanini unaorithiwa, kwa kawaida kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwamba nguvu za Bran zinatokana na ukoo wake wa kubuni, si ngozi yake. Mswada usomwe na mtu mwenye ualbino kabla ya kwenda mtamboni, si baada ya malalamiko. Mchoraji wa jalada asimpe macho mekundu yanayowaka: kitabuni ni ya rangi ya dhahabu, na mara nyingi yamefichwa nyuma ya miwani myeusi. Amchoree hiyo miwani.

Wasomaji wa fasihi ya watoto,
Dar es Salaam