Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mfanyakazi Akilalamika, Nini Kinafuata?

Ndugu wanachama,

Nawasalimu kwa heshima na kuwashukuru kwa kuitikia wito wa mkutano huu. Wageni waalikwa, karibuni. Wanachama wapya, ambao wengi wenu mmeingia katika kazi ya rasilimali watu hivi karibuni, hapa ni kwenu.

Mweka hazina atawasomea hesabu zilizokaguliwa, na katibu ataeleza hali ya uanachama na ada. Sitayagusa hayo. Muda wangu nautumia kwa jambo lililochukua sehemu kubwa ya kazi ya chama chetu cha maafisa wa rasilimali watu mwaka huu: tunafanya nini pale mfanyakazi anapokuwa na neno la kusema kuhusu anayemwongoza.

Nafasi yetu kazini imepanda. Zamani tulikabidhiwa mafaili, mishahara na likizo. Leo wakuu wa rasilimali watu wanakaa kwenye vikao vya menejimenti, na bodi zinawauliza kuhusu utamaduni wa kazi kama zinavyomuuliza mhasibu kuhusu fedha. Mwaka 2018 kilitoka kiwango cha kimataifa cha ISO 30414 kuhusu taarifa za rasilimali watu, na mwaka 2020 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ikaanza kuzitaka kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zieleze hali ya rasilimali watu yao. Hayo ni maendeleo, na mengi tuliyapigania. Ila swali linalonikera ni kama mfanyakazi wa ngazi ya chini ameyaona manufaa yake.

Kamati yetu ya maadili iliwaomba wanachama walete fomu za malalamiko wanazotumia, majina ya taasisi yakiwa yamefutwa. Tulizisoma pamoja kwenye warsha, ukurasa kwa ukurasa. Nyingi zilikuwa nzuri. Moja ilitunyamazisha. Juu ilikuwa na nafasi ya jina, namba ya ajira na kitengo. Katikati, mistari michache ya maelezo. Chini kabisa, ndani ya kisanduku, iliandikwa: maoni na saini ya msimamizi wa moja kwa moja, fomu isiyo na saini hii haitapokelewa. Sasa mchukulieni mfanyakazi anayetukanwa na msimamizi huyohuyo mbele ya wenzake. Ampelekee asaini?

Sina shaka aliyeiandaa hakuwa na nia mbaya. Alifuata mazoea ya kupitisha kila karatasi kwa mkuu wa kitengo, kama ombi la likizo linavyopitishwa. Lakini matokeo yake yanajulikana: rejista ya malalamiko inabaki tupu, taarifa ya robo mwaka inasema hakuna malalamiko yaliyopokelewa, na bodi inapongeza. Kisha watu wanaacha kazi mmoja baada ya mwingine, na kwenye mahojiano ya kuondoka wanaandika "sababu binafsi".

Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikumbana na jambo la aina hii katika miaka ya 1990 alipochunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alitegemea kwamba timu zinazoelewana vizuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Alipolifuatilia, maelezo yaliyopatikana ni kwamba timu hizo zilikuwa zikiyasema makosa yao bila woga, na nyingine zilikuwa zikiyaficha. Nawaomba mlikumbuke hili kila mnapoletewa rejista isiyo na doa.

Sheria za kimataifa nazo zimesogea. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, kuhusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi, ulipitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 25, 2021. Unamlinda mwajiriwa, lakini pia mwanafunzi wa mafunzo kazini, anayejitolea, anayeomba kazi, hata yule ambaye ajira yake imekoma. Unafuata kazi inakokwenda: safarini, kwenye mafunzo, kwenye ujumbe wa simu. Ibara ya 10 inataka mlalamikaji, mwathirika na shahidi walindwe dhidi ya kulipiziwa kisasi. Mwaka uliofuata, Juni 2022, mkutano wa ILO uliyaingiza mazingira salama na yenye afya katika kanuni na haki za msingi za kazi, na kanuni hizo nchi wanachama zinapaswa kuziheshimu hata kama hazijaridhia mikataba yenyewe.

Hapo kwenye kisasi ndipo nataka tukae zaidi, kwa sababu ndipo taaluma yetu inapopimwa. Kisasi ni nadra kuja kwa barua ya kufukuzwa kazi. Kinakuja kwa ratiba ya zamu iliyobadilika ghafla. Kinakuja kwa jina lililokosekana kwenye orodha ya mafunzo, kwa likizo inayosogezwa mbele mara mbili, kwa alama za tathmini zilizokuwa nzuri miaka yote na sasa zimeporomoka, kwa mkataba wa muda ambao haukuhuishwa "kwa sababu za kibajeti". Kila kimojawapo kikisimama peke yake kina maelezo yake. Vikipangwa kwa tarehe, kuanzia siku ya malalamiko, ndipo mtu anaona. Na mwenye uwezo wa kuvipanga hivyo ni sisi, kwa kuwa ratiba, orodha, tathmini na mikataba yote iko mikononi mwetu. Hakuna mwingine katika taasisi mwenye picha hiyo nzima.

Kwa hiyo mafunzo tuliyotoa mwaka huu yalijikita hapo. Tulifundishana kwamba malalamiko yawe na mlango zaidi ya mmoja, na angalau mlango mmoja usimpitie msimamizi. Mlalamikaji apewe uthibitisho wa maandishi kwamba amesikilizwa, na aambiwe lini atajibiwa. Anayechunguza asiwe anayeamua. Anayelalamikiwa naye asikilizwe kikamilifu, maana tuhuma si hukumu. Na baada ya shauri kufungwa, ofisa arudi kwenye faili la mlalamikaji baada ya miezi mitatu, kisha tena baada ya mwaka, aangalie zamu, likizo, mafunzo na alama. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoachwa mara nyingi. Kwangu mimi ndiyo ya maana kuliko zote.

Wanachama kadhaa waliuliza swali gumu: sisi tunalipwa na mwajiri, tutasimamaje upande wa mfanyakazi? Ni kweli tunalipwa na mwajiri, na wafanyakazi wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana wengi hawafiki mlangoni kwetu. Jibu langu ni kwamba hatuombwi kuchagua upande. Mwajiri ametuweka pale tumwambie ukweli mapema, kabla haujafika mahakamani au magazetini. Ofisa anayemkinga mkuu wa kitengo kwa kuwa analeta mauzo makubwa anamkosesha mwajiri taarifa anayoihitaji. Kiongozi wa rasilimali watu aliyekomaa ni yule anayeweza kuingia ofisini kwa mkurugenzi akasema: huyu tunayemsifu anawavunja watu, na ushahidi huu hapa.

Tathmini ya utendaji ilijadiliwa sana pia. Kampuni ya programu za kompyuta ya Adobe iliachana na tathmini ya mara moja kwa mwaka mnamo 2012 ikaanzisha mazungumzo ya mara kwa mara, na Microsoft ikafuta mwaka 2013 mfumo wa kulazimisha wafanyakazi wapangwe kwa madaraja. Naunga mkono mwelekeo huo, kwa sababu mfumo unaomtaka msimamizi lazima amweke mtu katika daraja la mwisho unampa fimbo ya kumchapia asiyempenda. Ila natahadharisha: mazungumzo ya mdomo yasiyoandikwa popote yanamwacha mfanyakazi bila kumbukumbu siku atakapohitaji kuthibitisha kwamba alikuwa akifanya vizuri. Tuzungumze mara nyingi, na tuandike, hata kama ni mistari mitatu.

Kuhusu akili unde (AI) katika ajira, mnakumbuka Amazon ilivyotengeneza programu ya kuchuja wasifu wa waombaji, ikajifunza kutokana na maombi ya miaka 10 ambayo mengi yalikuwa ya wanaume, ikaanza kuwashusha wanawake. Mradi uliachwa, na habari zake zikatangazwa mwaka 2018. Sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeiweka mifumo ya kuajiri katika kundi la hatari kubwa. Tangu Februari 2025 imepiga marufuku mifumo ya kusoma hisia za watu kazini, isipokuwa kwa sababu za matibabu au usalama. Sisi msimamo wetu ni mwepesi kueleza: mwombaji aliyekataliwa awe na binadamu wa kumuuliza kwa nini, na binadamu huyo awe na mamlaka ya kubadili uamuzi. Programu isiyo na mtu huyo nyuma yake ni ile fomu yenye kisanduku cha saini, kwa sura mpya.

Saa za kazi nazigusia tu, kwa kuwa kamati ya afya kazini itawasilisha andiko lake kesho. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, na ILO ya mwaka 2021 yalihusisha kazi ya saa 55 au zaidi kwa wiki na vifo 745,000 katika mwaka 2016 pekee, kutokana na kiharusi na magonjwa ya moyo. Someni andiko hilo kabla ya kuja kwenye mjadala.

Nawashukuru wajumbe wa kamati tendaji, na hasa wanachama walioleta fomu zao zisomwe mbele ya wenzao. Ilihitaji moyo. Mwenzetu mmoja alirudi kazini, akaomba kikao na menejimenti, na kile kisanduku cha saini kimeondolewa.

Mezani kwenu ipo rasimu ya marekebisho ya kanuni za maadili. Kifungu kipya kinamtaka kila mwanachama ahakikishe njia ya malalamiko katika taasisi yake haimpitii anayelalamikiwa. Kinachofuata kinamwajibisha kufuatilia hali ya mlalamikaji kwa mwaka mzima baada ya shauri kufungwa. Cha tatu kinakipa chama wajibu wa kusimama na mwanachama anayeadhibiwa na mwajiri wake kwa kutimiza hivyo viwili. Hiki cha tatu kitatugharimu fedha, na mweka hazina ataeleza kiasi gani. Naomba mkipitishe pamoja na vingine, kwa sababu hatuwezi kuwataka maafisa vijana wawalinde wengine huku wao wenyewe hawana anayewalinda. Kura zitapigwa baada ya taarifa ya hesabu.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.